Mchezo Usio na Refa

Juma lililopita baada ya sala ya Alasiri nalikuwa nimeketi barazani na jamaa zangu wa kila siku, kahawa yapita na tende ziko katikati, na mazungumzo yalikuwa ni ya kandanda. Kijana mmoja alikuwa amepandwa na hasira kwa ajili ya mchezaji wa timu asiyoipenda. Mchezaji huyo, kwa maneno yake, alijiangusha mbele ya goli, akagaagaa kama mtu aliyeumwa na nge, akapewa penalti, kisha akainuka akaipiga mwenyewe huku akicheka. "Refa yule ni kipofu!" akasema kijana. Nami nikamwambia, "Mwanangu, uko mchezo ambao aghalabu hauna refa wa kukufuata nyuma, na mchezaji akikosea hujishtaki mwenyewe." Akaniuliza ni mchezo gani huo. Nilipomjibu kuwa ni gofu, baraza nzima iliangua kicheko.

Mzee mwenzangu mmoja akanigeukia akasema, "Sheikh, wewe na mashairi yako, gofu yakuhusu nini? Huo ni mchezo wa Wazungu na matajiri. Sisi twauona kwa tundu za ua tu."

Neno hilo la tundu za ua lilinichoma, na ndilo lililonitia kalamu mkononi. Maana mimi gofu sikuiona kwa tundu za ua. Niliiona kutoka ndani, walakini nikiwa chini ya mkoba.

Mwaka 1984, nikiwa na umri wa miaka 14, kila Jumamosi nilikuwa nikitoka chuoni, naifunga juzuu yangu kwa kitambaa, kisha nakimbilia klabu moja ya gofu ya hapa mwambao, ambayo jina lake sitalitaja, kwenda kubeba mikoba ya mabwana. Tulikuwa tukiitwa makedi. Mkoba mmoja waweza kuwa na fimbo hadi 14, ndicho kikomo cha sheria, na bega la mtoto wa miaka 14 lazijua fimbo hizo moja moja. Maalim wetu alipopata habari alitukataza vikali. Alisema mpira na fimbo vitatusahaulisha tulichokihifadhi, na akatuuliza Adhuhuri huko twaisalia wapi. Nilidhani wakati ule kuwa ni ukali wake tu. Baadaye nikaja kusoma kwamba Maalim alikuwa na wenziwe, tena wafalme.

Gofu hii tuijuayo ilikulia Uskoti. Mwaka 1457 bunge la nchi hiyo, chini ya Mfalme James wa Pili, liliipiga marufuku pamoja na kandanda, kwa sababu vijana waliacha mazoezi ya upinde na mshale, ilhali nchi ilikuwa na adui mlangoni. Mwaka 1491 mjukuu wake, James wa Nne, naye akatoa marufuku kama hiyo. Lakini ilipofika mwaka 1502 mfalme huyo huyo alimwendea fundi wa pinde katika mji wa Perth, akanunua fimbo za gofu za kuchezea mwenyewe! Ndiyo mambo ya wakubwa hayo: wanakuwekea sheria, kisha wanakupita nayo mlangoni.

Wengi huuliza mbona mashimo ni 18, wala si 10 wala 20. Katika mji wa St Andrews, ambao wachezaji wa gofu huuheshimu kuliko yote, mzunguko mmoja ulikuwa ni wa mashimo 22. Mwaka 1764 waliona baadhi ya mashimo ni mafupi mno, wakayaunganisha, na mzunguko ukabaki na mashimo 18. Dunia nzima ikaja kufuata. Upana wa shimo nao ulikatwa shauri mwaka 1891, ukawa milimita 108, kadiri ya kiganja cha mtu mzima. Mpira wenyewe hauruhusiwi kuzidi gramu 46. Basi fikiri, msomaji: kitu chepesi kama hicho, shimo la kiganja, na baina yao mita mia nne za nyasi, miti, mchanga na upepo wa bahari!

Ama habari ya mpira ina mafunzo zaidi. Hapo zamani mipira ilikuwa ni vifuko vya ngozi vilivyoshindiliwa manyoya ya ndege yaliyochemshwa. Ikinyesha mvua hulowa na kupasuka. Mwaka 1848 ukaja mpira mpya wa utomvu wa miti ya nchi za Kimalaya, uitwao guta-percha, nao ulikuwa rahisi na laini kama yai. Hapo wachezaji wakaona ajabu. Mpira mpya uking'aa haukwenda mbali, lakini ule mkuukuu, uliojaa makovu ya fimbo, uliruka vizuri zaidi. Ndipo mafundi wakaanza kuutia mpira makovu kwa makusudi, hata tukafikia hivi vibonyeo vya leo, ambavyo ni zaidi ya 300 katika mpira mmoja. Vibonyeo hivyo huushikisha upepo kando ya mpira ili usivutwe nyuma. Mpira laini, kwa pigo lile lile, hufika kama nusu tu ya safari. Nakuomba uiweke habari hii ya makovu akilini, maana nitairudia.

Tena gofu ni mchezo uliochezwa mwezini. Mwezi wa Februari mwaka 1971 Mmarekani Alan Shepard, aliyekwenda na chombo cha Apollo 14, alikifunga kichwa cha fimbo ya gofu katika mpini wa kifaa cha kuchotea mchanga, akapiga mipira miwili kwa mkono mmoja, kwani nguo zake nzito hazikumruhusu kutumia yote miwili. Alijisifu kuwa mpira ulikwenda maili na maili. Miaka 50 ilipopita, mwaka 2021, picha za safari ile zilichunguzwa upya, ikaonekana mpira wa kwanza ulikwenda yadi 24 na wa pili yadi 40. Basi hata mwezini, mvuvi hawezi kusema samaki aliyemponyoka alikuwa mdogo.

Sasa nije katika mafunzo, maana huenda wako wasomaji wanaocheza au wanaotamani kuanza. Haya si yangu. Ni ya mzee mmoja wa Kidigo aliyekuwa mkubwa wa makedi pale klabuni. Mzee huyu hakuwa mwanachama wala hakuwa na fimbo yake mwenyewe, walakini mabwana walikuwa wakimwuliza kabla ya kila pigo. Alisali Adhuhuri yake chini ya mwembe, mkeka wake ameukunja kwenye tawi, na mchezaji aliyemtaka hana budi kumngoja.

La kwanza alilotufunza ni mshiko. "Ishike fimbo kama umshikavyo kifaranga," alikuwa akisema. "Ukimlegezea atakimbia, ukimbana atakufa." Wengi wenye kuanza huibana fimbo hata mishipa ikawatoka, na mkono uliokaza hauna mwendo.

La pili ni kusimama. Mpira hauruki kule macho yako yatakako, huruka kule mwili wako ulikoelekea. Kabla ya kupiga, simama nyuma ya mpira uutazame mstari wake, kisha ndipo uje ubavuni ujipange, miguu, nyonga na mabega yafuate mstari mmoja. Watu wazoefu wa kunyoosha safu hawawezi kushindwa na jambo hili.

La tatu, usiinue kichwa upesi. Tamaa ya kuona mpira ulikokwenda ndiyo huuharibu mpira. Mwache kedi autazame, hiyo ni kazi yake. Na ukipotea, sheria yakupa dakika 3 tu za kuutafuta. Kabla ya mwaka 2019 zilikuwa 5.

La nne ni mchanga. Mpira ukitumbukia katika shimo la mchanga, usiupige mpira. Piga mchanga ulio nyuma yake kama vidole viwili au vitatu, uache mchanga uunyanyue. Mwenye hasira huupiga mpira wenyewe, na mpira humrudia miguuni.

La tano ni upepo, na hili latuhusu sisi watu wa Kusi na Kaskazi. Upepo ukikujia usoni, tamaa hukuambia upige kwa nguvu. Ukipiga kwa nguvu mpira huzunguka sana, hupanda juu, na upepo ukaubeba utakako. Chukua fimbo ya masafa marefu zaidi, kisha upige taratibu, mpira uende chini chini. Nahodha wa jahazi hashindani na upepo; huupunguzia tanga.

La sita, nalo ndilo kubwa, ni kule mwisho shimoni. Uwanja wa kawaida hupangiwa mapigo 72. Katika hesabu hiyo, kila shimo hutengewa mapigo mawili ya kuusukuma mpira pole pole juu ya nyasi zilizonyolewa. Mara 18, ni mapigo 36, yaani nusu ya mchezo mzima. Pamoja na hayo watu hushinda wakifanya mazoezi ya lile pigo la kwanza la kishindo, kwa kuwa ndilo watu hulipigia makofi. Ukitaka kupunguza mapigo yako, laza bilauri juu ya zulia nyumbani kwako, uusukumie mpira robo saa kila jioni. Kishindo hakijazi kadi.

Hayo ndiyo ya mikono. Lakini nilisema tangu mwanzo kuwa gofu ni mchezo usio na refa, na hapo ndipo penye thamani yake. Kadi ya mapigo huandikwa na wachezaji wenyewe. Mwenzako yuko upande wa pili wa uwanja, wewe uko vichakani peke yako na mpira wako, hakuna akuonaye ila Mola na labda kedi.

Mwaka 1925, katika mashindano makuu ya Marekani, bingwa Bobby Jones alikuwa akijiandaa kupiga, mpira ukatikisika kidogo majanini. Hakuna mtu aliyeuona. Akasema mwenyewe kuwa umetikisika, akajiongezea pigo moja. Siku zilipokwisha akawa amelingana na mwenzake, wakarudia, naye akashindwa kwa pigo moja. Watu walipomsifu kwa uaminifu wake alichukia. Aliona ni sawa na kumsifu mtu kwa kutovunja benki.

Nilipoisoma habari hiyo nikiwa mtu mzima niliifunga karatasi nikanyamaza. Na leo, baada ya miaka arubaini, nitasema sababu yake.

Ilikuwa siku ya mashindano ya kombe pale klabuni. Bwana niliyembebea mkoba alikuwa amebanana na karani mmoja wa bandarini, hatua kwa hatua. Katika shimo la 16 mpira wa bwana wangu uliingia mitini, nami nikatangulia kuutafuta. Niliukuta nyuma ya mzizi, mahali ambapo hawezi kuupiga mbele ila arudi nyuma. Nikatazama huku na huku. Kisha nikausukuma kwa kidole gumba cha mguu, shibiri moja tu, ukakaa penye nyasi nzuri. Bwana alikuja, akaufurahia, akaupiga. Jioni alichukua kombe kwa pigo moja. Yule karani alimpa mkono akicheka, akamwambia amestahili.

Bwana alinipa shilingi 20, ambazo zilikuwa ni zaidi ya ujira wangu wa siku. Nilikwenda nikampa mama. Akaninunulia viatu? La. Alinunua unga na sukari, akaniwekea mkono kichwani, akaniombea, "Mungu akuzidishie riziki ya halali, mwanangu."

Sijapata kuisahau dua hiyo. Wala siyasahau maneno ya yule mzee wa Kidigo, ambaye kumbe alikuwa amesimama ng'ambo ya miti. Hakunishtaki kwa mtu. Magharibi ilipokaribia alikuwa akikunja mkeka wake, akaniuliza bila ya kunitazama, "Bwana yule amechukua kombe. Wewe umechukua nini?"

Bwana yule amekwisha tangulia mbele ya haki, na karani pia, na mzee wangu pia. Sina wa kumwendea nikamtaka radhi. Ndiyo sababu nimeona nilipe deni langu kwa njia nyingine, nayo ni kuwasemea walioko chini ya mkoba hivi leo.

Kwani ukizisoma habari za gofu utaona jambo la kushangaza: mara nyingi waliouinua mchezo huu ni wale wenye makovu, kama ule mpira mkuukuu. Mwaka 1913 kijana wa miaka 20, Francis Ouimet, aliyekuwa kedi katika uwanja uliokuwa mkabala na nyumba yao, aliwashinda mabingwa wawili wakubwa wa Uingereza katika mashindano makuu ya Marekani, na mkoba wake ulibebwa na mtoto wa miaka 10. Seve Ballesteros wa Hispania alizaliwa katika nyumba ya wakulima, akabeba mikoba, akajifunza kwa fimbo moja kwenye mchanga wa pwani ya kwao. Mwaka 1978 alikuja Nairobi akashinda Kenya Open, na mwaka uliofuata akalitwaa kombe kuu la Uingereza. Mchanga kama ule sisi tunao, kutoka Vanga hadi Kiunga, na kila maji yatokapo ni uwanja usio na ua.

Na huko Durban, katika bahari yetu hii hii ya Hindi, alikuwako Papwa Sewgolum, kedi mwenye asili ya Kihindi, aliyeshika fimbo kinyume cha watu wote, mkono wa kushoto chini ya wa kulia. Mashindano ya Uholanzi aliyashinda mara tatu, mwaka 1959, 1960 na 1964. Mwaka 1963 alishinda mashindano ya Natal kwao nyumbani, na kwa kuwa sheria za ubaguzi hazikumruhusu mtu wa rangi yake kuingia katika jumba la klabu, alipewa kombe lake nje, mvua ikimnyeshea. Mabwana walikuwa ndani, wamekauka.

Hapa kwetu hakuna sheria ya namna hiyo, alhamdulillahi. Lakini ua haukujengwa kwa sheria peke yake. Ada ya uanachama ni ua. Bei ya fimbo ni ua. Na kicheko cha barazani, cha kusema huu si wetu, ni ua tulioujenga sisi wenyewe. Klabu ya gofu ya Mombasa ilianzishwa mwaka 1911. Zaidi ya miaka mia tumeishi kandoni mwa mchezo huu, na watoto wetu wameujua kwa mabega kabla ya kuujua kwa mikono.

Najua yatakayosemwa. Watasema gofu ina kamari na ina ulevi. Ni kweli wako wawekeanao fedha, na ni kweli wachezaji huliita baa "shimo la 19". Basi mwenye kujihifadhi atacheza 18 ende zake nyumbani. Watasema mavazi. Suruali ndefu yaruhusiwa, wala hakuna alazimishwaye kuonyesha magoti. Watasema wanawake. Mwaka 2019 mabinti wa Ulaya walikuja kushindana Vipingo, kaunti ya Kilifi, na Maha Haddioui, binti wa Morocco, amekwisha iwakilisha nchi yake katika Olimpiki ya mwaka 2016. Binti zetu hawana upungufu wa adabu wala wa nguvu. Upungufu wao ni fimbo.

Rai yangu ni ndogo. Zamani sisi makedi tulikuwa tukiachiwa uwanja Jumatatu, siku ambayo mabwana wako kazini, tukapiga kwa fimbo za kuazima hadi jua likatua. Kila klabu ya mwambao na iwape watoto wa jirani siku yao kama ile, na mlango ufunguliwe kwanza kwa makedi na watoto wao. Fimbo kuukuu zilizolala stoo zitolewe. Wazee wanaoujua uwanja kwa nyayo zao wafanywe walimu, walipwe kama walimu. Nasi wazazi tuwapeleke watoto, tuwaambie kuwa huko wataachwa vichakani peke yao na kadi mkononi, ili tujue tumewalea vipi.

Yule kijana wa barazani aliniuliza mwishowe, "Sasa mtu akidanganya katika gofu, nani atamjua?" Sikuwa na jibu siku ile. Jibu langu ni hili:

Mkoba niliubeba, begani hadi jioni,
Tamaa ikanikaba, nikapotoka njiani,
Nikala nisijeshiba, tonge lakwama kooni,
Khiyana kwangu ni mwiba, hauozi maungoni.